Jembe Lisilo na Udongo

Wifi Kolumba,

Salamu nzuri usizitegemee. Ulipokuwa hai hukuwahi kunisalimu vizuri hata siku moja. Ulikuwa unaanza na "Wee Mnyasa, bado umelala?" na jua lenyewe halijachomoza. Sioni kwa nini nianze kukupamba leo eti kwa sababu umekufa. Mimi ni yuleyule Esta, mke wa kaka yako Osmund, mla usipa, dagaa wa ziwani, uliyemcheka miaka sita mizima.

Nilichokuitia ni hiki. Jina lako halitajwi hapa nyumbani. Pasaka inakuja, binti yangu atabatizwa, na kwa desturi ya kwenu msichana wa kwanza hubeba jina la shangazi yake aliyetangulia. Katekista ameniuliza mara mbili aandike nani, na mara mbili nimemjibu asubiri. Mama yako amesema likitamkwa jina Kolumba katika ua wake, yeye atatoka akalale porini. Na aliyekufikisha huko si lile shimo lililokumeza, ni mimi. Wewe unajua. Hapa Mkumbi tulikuwa tunajua wawili tu, au ndivyo nilivyodhani, kwa hiyo acha niyaseme kwa utaratibu kabla moyo haujanigeuka.

Nilipoolewa kuja huku juu nilikuwa sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko mwembe. Kwetu Kihagara mtu anatembea mchangani, na akitaka kujua yuko wapi anaangalia ziwa. Huku nikaangalia huku na kule nikaona milima tu, imepangana, na wote mnaiita kwa majina kana kwamba ni ndugu zenu. Kimatengo sikukijua, na wewe Kinyasa ulikiita kelele za bata. Basi tukawa tunagombana kwa Kiswahili, mimi na wewe, kama watu wa ofisini. Osmund alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Lakini njia ulinifundisha wewe. Hilo silikatai, hata kama ulinifundisha kwa masimango. Kila baada ya mavuno ya maharage tulijitwika mizigo tukateremka kwetu, tukarudi na usipa mkavu, na njiani hukuniacha nipite jiwe bila kulijua. Hili Jiwe la Nungu, jeupe, limechongoka mgongo mzima. Ukilifikia umeacha mashamba. Huu Mlango wa Baridi, pango linalopumua. Bibi zenu walijificha humo enzi za vita na watoto wao mdomoni wamewaziba kwa viganja. Ulinilazimisha niiname na kupiga hodi. Nikakuambia mimi ni Mwanglikana, sipigi hodi kwa mawe. Ukasema, "Basi lala nje, baridi haiulizi dhehebu." Nikapiga hodi.

Na Mto Mwizi. Siku ile ya kwanza nilidhani unanitania. Mto unakuja vizuri, unaimba, una vidagaa vyake, halafu unafika chini ya ukuta wa mawe ya chokaa unaingia na hautoki. Ulikuwa na pumba za ulezi kwenye kitambaa, ulizichukua makusudi kutoka nyumbani. Ukazimwaga pale maji yanapozama, ukasema, "Twende zetu." Tukatembea asubuhi yote na mchana wote, tukashuka ule mteremko unaoumiza magoti, tukafika kwenye chemchemi pale njia inapoanza kuliona ziwa. Nikainama ninywe. Juu ya maji pumba zako zinazunguka polepole, zimetangulia kufika.

"Umeona?" ukaniambia. "Huku kwetu chini pana njia kuliko juu."

Nilikupenda siku ile. Sikukuambia, na wewe ungenisonya.

Kisha ukanifundisha kupiga kisigino. Kila tulipopita mahali pageni unasimama, unapiga ardhi kwa kisigino, unasikiliza. Pengine inajibu tii, pengine inajibu kama mtungi mtupu. Ulikuwa unasema ardhi yenu ina tumbo, kuna mahali limeshiba na mahali lina njaa. Na mahali penye njaa kuliko pote palikuwa nyuma ya nyumba yetu wenyewe, pale mnapopaita Sinia, kwa sababu ni mviringo, pamelala sawasawa, pamezungukwa na kingo kama sinia la wali. Nyasi zake ndefu, udongo wake mweusi. Mbuzi walikula pale, basi. Baba yenu alikataza pasichimbwe, na alipokufa yeye ukabaki kukataza wewe.

Sasa nikuambie nilivyokuwa nafikiri. Nilifikiri ni uchoyo. Nilisema, huyu hajaolewa, hana mtoto, anakaa kwenye ardhi ya kaka yake na amejichagulia kipande kizuri kuliko vyote, halafu anatufanyia hadithi za ardhi yenye njaa. Ndivyo nilivyosema moyoni, na jikoni nilimwambia Osmund kwa sauti.

Unaujua mwaka ule ulivyokuwa. Ghala la ushirika limefungwa, kufuli limeota kutu. Mbolea ya mkopo hakuna, dawa ya mibuni hakuna, chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, inakausha matunda yangali mabichi. Wakaja wanunuzi binafsi na pikapu zao mpaka mlangoni, wanacheka na watoto, wananunua kahawa hata iliyolowa, na msimu unaofuata huwaoni. Wakubwa walisema soko limekuwa huria. Osmund akasema huria ni kama mbwa aliyefunguliwa, hujui ataenda kumng'ata nani. Akaiacha kahawa. Akataka maharage zaidi na mahindi zaidi, na miteremko yetu yote ilikuwa imechoka. Jicho lake likaangukia Sinia.

Ulikataa. Ulikataa kwa kelele, mbele ya Mama, mbele ya wanawake wa jirani waliokuja kupukuchua mahindi. Na ungekataa tu ukanyamaza, wifi, leo ungekuwa hai. Lakini ulikuwa na mdomo. Ukanigeukia, ukasema, "Na hata ingechimbika, nani atachimba? Huyu? Huyu anajua kuchimba mchanga tu."

Walicheka wote. Mama yako alicheka mpaka punje zikamdondoka. Mimi miaka sita naamka kabla ya kuku, mikono imeota sugu, nachimba ngoro, yale mashimo yenu ya kushika maji, kwenye miteremko yenu inayotaka kunitupa, na bado ni mtu wa mchanga. Nikaapa palepale kwamba nitaichimba Sinia mpaka uone haya.

Osmund alifyeka nyasi akazilaza mistari, mlalo na wima, mraba kwa mraba, kazi ya mwanamume. Mimi nikaingia na jembe, nikatoa udongo katikati ya kila mraba nikaufunika juu ya nyasi, shimo likabaki katikati na matuta pembeni. Sikuwahi kuchimba ngoro nzuri namna ile. Zilinyooka. Wanawake waliokwenda kisimani walisimama wakasema hongera Mama, hongera sana. Wewe ulipita mbali, ukapiga kelele moja tu: "Ngoro ni ya mlimani! Nani anachimba ngoro uwanjani? Yatakwenda wapi hayo maji?"

Nilikusikia. Swali lenyewe lilikuwa zuri, mtoto wa shule angelielewa. Kwenye mteremko shimo la ngoro linashika maji kidogo na mengine yanashuka zake. Kwenye Sinia hayana pa kushuka. Lakini nilikuwa nimeshajua kuwa wewe ni mchoyo, na mtu akishajua hivyo hasikii maswali.

Mvua ikanyesha, ikanyesha. Mashimo yakajaa yakakaa yamejaa. Halafu asubuhi ile nikaenda peke yangu, tumbo langu la miezi mitatu linanichefua, nikakuta mashimo ya katikati yamekauka. Yote kwa mara moja, maji hamna, tope limebonyea kidogo tu. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikasema Mungu mkubwa, ardhi imekunywa. Nikaingia katikati nikainama kutengeneza matuta.

Wewe ndiyo kwanza ulikuwa unakwenda shambani kwako, jembe begani. Ulifika ukingoni ukaona yale mashimo makavu. Ukapiga kelele, "Esta! Toka!"

Esta. Miaka sita hujawahi kunitaja jina. Mimi sikuligundua hilo hata kidogo, nilisikia amri tu. Nikakupa mgongo. Nikaendelea kupigapiga tuta langu kwa kiganja, tena polepole, ili uone kuwa sina haraka na wewe.

Ukalitupa jembe. Ulilitupa kwenye nyasi za ukingoni ili unishike kwa mikono miwili. Ukaja mbio juu ya matuta yangu, unayavunja, nikageuka nikutukane, ukanikamata kiuno ukanisukuma kama gunia. Nilianguka kwenye nyasi kwa magoti. Nilipotazama nyuma Sinia ilikohoa. Sina neno lingine, ilikohoa kama mzee, ikazama katikati, na wewe ulikuwa katikati.

Hapa nataka kusema neno ambalo hata kwenye kitubio nisingeliweza, maana kwetu nilikulia Uanglikana na kwenu bado naona haya kwa Padri. Kwa muda wa kupepesa jicho, wifi, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, sasa cheka.

Halafu ukaniita kutoka chini. Sauti haikuwa ya mbali. Uliita "Esta." Ukaita tena, "Esta," kama mtu anayeuliza kama nipo. Nilikuwepo. Nimelala kifudifudi, nimeng'ang'ania nyasi, na sikuitika. Nilijiambia ukingo utavunjika nikijisogeza, na mtoto tumboni. Lakini kuitika hakuvunji ukingo. Ningeweza kusema hata neno moja ujue kwamba hukunisukuma bure. Sikusema. Baadaye nikasikia maji, na baada ya maji sikusikia kitu.

Osmund alikuja anakimbia. Akaona shimo, akaona jembe lako kwenye nyasi. Akauliza, "Imekuwaje?" Na mdomo wangu, wifi, ulijibu kabla yangu: "Alikuja kunivunjia ngoro zangu."

Basi. Hakuna aliyeniuliza tena. Matuta yamevunjika, jembe lile pale, na kila mtu alikusikia ukikataza Sinia isichimbwe. Nilisema pia kwamba ulianguka bila sauti. Wanaume waliteremsha kamba, haikugusa chini. Padri alikuja akabariki ukingoni, haraka, kwa sababu udongo ulikuwa bado unamomonyoka. Wazee walisema aliyekufa akiharibu chakula cha ndugu yake halaliwi matanga. Watu wakalala kwao. Na Mama yako, aliyekuzaa, alisimama mlangoni akasema, "Amekufa kwa kijicho chake." Siku ile akapiga marufuku jina lako, na mimi nikampikia uji.

Mtoto alizaliwa salama. Ana pua yako, masikini. Alipomaliza miezi mitatu nilimfunga mgongoni nikateremka kwetu kumwonyesha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishika njia ile bila wewe, na sikupotea. Nilipita Jiwe la Nungu, au lililobaki. Amekuja mfanyabiashara mmoja analipasua, anachoma chokaa kwenye tanuri, na nyumba za Mkumbi sasa zinameremeta nyeupe kama meno. Mgongo wa nungu umekwisha. Mlango wa Baridi upo, nilipiga hodi. Jua lilikuwa kali, koo limenikauka, mtoto analia. Nikafika kwenye chemchemi, nikainama kama siku zote, nikanywa viganja vitatu.

Nilikuwa nimeshameza ndipo nikakumbuka zile pumba.

Yalikuwa matamu, wifi, na baridi yake ileile. Nilijitia kidole kooni, hayakutoka. Na mtoto alikuwa analia njaa, nikakaa palepale juu ya jiwe nikamnyonyesha.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Watoto wa shule wanakuja kulitazama shimo, wanatupa mawe wasikilize yanavyogonga huko chini. Nawafukuza kwa matusi uliyonifundisha. Osmund ameliwekea uzio wa miiba. Hajawahi kukutaja, ila jembe lako amelitundika ukutani juu ya kitanda chetu na hataki nilitoe. Naamka naliona.

Juzi, nikimkanda Mama yako miguu, nikamwambia. Yote. Uliponiita jina, ulipolitupa jembe, nilivyonyamaza. Nilitegemea anipige kwa fimbo yake. Nilitaka anipige. Akasema, "Kanda, usisimame."

Nikaendelea kukanda. Akasema, "Nilijua siku ileile. Aliyekuja kuvunja ngoro, jembe lake lina udongo. Lile lilikuwa na umande mtupu."

Nikamuuliza, sasa Mama, kwa nini umelikataa jina la mtoto wako mwenyewe? Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Ningelisema, Osmund angekurudisha kwenu. Mimi miguu sina. Maiti hachoti maji, Esta." Kisha akaongeza, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo: nikifungua mdomo kwa Osmund nitaondoka, na mtoto nitanyang'anywa akishaachishwa ziwa, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Nichague. Akavuta kanga akajifunika mguu. Akasema uji umepoa.

Ndiyo huyo mama uliyekuwa unambebea kuni, wifi. Na mimi ndiye uliyenifuata katikati ya Sinia. Umekufa kwa ajili ya watu wa ajabu.

Nimefikiri siku mbili. Kunyamaza ningeweza, nimeshazoea, na mtoto ningemlea hapahapa nikamwita Roza, akawa mkubwa bila kujua kwamba kuna mtu alimsukuma akiwa tumboni. Ila siku moja atauliza lile jembe ni la nani. Nitamjibu uongo wa pili juu ya wa kwanza, na hilo siliwezi.

Kesho alfajiri nitaichukua karatasi hii mpaka Mto Mwizi, niiachie pale maji yanapozama, pale ulipomwaga pumba. Nikirudi nitalishusha jembe ukutani nimpe Osmund mkononi, nimwambie atazame. Halafu nitakwenda kwa katekista aandike Kolumba. Akishaandika hafuti, hata Mama yako akilala porini.

Wakinifukuza, nitakwenda. Mtoto nitambeba mpaka watakapomfuata, na watamfuata, nawajua. Basi akirudishwa huku awe na jina lako, na awe ameshajua kupiga kisigino, nitamfundisha kabla hajajua kusema. Hilo nakuahidi. Jingine sina la kukupa.

Na nitakapoteremka nitasimama kwenye chemchemi. Sitakunywa. Nitamwambia mtoto, msalimie shangazi, shikamoo shangazi. Kisha nitajibu, nimechelewa lakini nitajibu, maana uliniita mara mbili.

Abee, wifi. Abee.

Esta